Salamu za Krismasi 2025 kutoka Malindi: bahasha ya Bukini na mkebe wa mama

Wapendwa katika Bwana, Bwana asifiwe.

Kwa niaba ya mchungaji wetu, wazee wa kanisa, umoja wa akina mama, vijana, na kamati ya misheni ninayoitumikia kama mweka hazina, ile inayotuma bahasha kila mwezi kwa mwalimu wetu aliye Bukini, yaani Madagaska, nawasalimu nyote kwa jina la Mwokozi aliyezaliwa. Nawasalimu mlio Malindi mjini, Ganda, Kakuyuni, Gede na Mambrui. Nawasalimu mlio Mombasa na Nairobi, mnaopigania nafasi kwenye mabasi wiki hii. Nawasalimu ndugu zetu walio ng'ambo ya bahari, ambao mwaka huu tena watakula sikukuu ugenini. Na majirani zetu Waislamu, ambao sahani zetu na zao hazijawahi kuulizana dini, salamu zenu pia zimo humu.

Kaskazi imeingia, maembe ya ngowe yanaanguka yenyewe usiku, na joto limeanza kazi yake. Kila mwaka majira haya mwenyekiti hunipigia simu: "Mweka hazina, zile salamu vipi?" Nami hukaa nikaandika. Nikisema kila mwaka nimeandika kwa moyo nitakuwa nimesema uongo, tena wiki ya Krismasi. Miaka mingine nimechukua za mwaka uliopita nikabadilisha tarehe. Mwaka huu imenishinda.

Umekuwa mwaka mgumu na sitaupamba. Juzi nimenunua nazi tatu za tui la wali, zimenitoa shilingi 150, tena kwa mama anayenijua tangu nikivaa kaptula. Sisi, watu wa minazi, tunachagua nazi kama wanaochagua kitambaa! Mafuta ya kupikia sasa tunapimiwa kwenye vikopo. Wengi wenu najua pilau ya alhamisi hii mtaitafuta nyama kwa tochi. Na wenye watoto wanaoingia Gredi ya 10 Januari, wale wa kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya, mmeshika orodha ya vitu vya shule mkono mmoja na orodha ya sikukuu mkono wa pili, na mfuko ni ule ule.

Kwa hiyo sikushangaa Septemba, kwenye mkutano wa washirika, mzee wetu mmoja aliposimama, akavua kofia, akauliza: "Mweka hazina, mabati ya upande wa watoto yanavuja tangu masika. Na kila mwezi mnatuma shilingi 15,000 Bukini. Nani amewahi kuona mtu anamwezekea jirani, na yeye mwenyewe analoa?" Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilifungua kitabu cha hesabu, nikakitazama, nikakifunga. Sikuwa na jibu. Nimelipata baadaye, kwa vipande, na leo nakuletea mzee wangu, kwa heshima zote.

Kipande cha kwanza nilikipata pale kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, nilipompeleka mgeni kupiga picha. Msalaba ule wa jiwe uliachwa na watu waliopita hapa 1498 wakiitafuta India. Walipewa rubani, wakashukuru, wakaenda zao. Mwaka 1542 padri mmisionari Fransisko Xaveri naye alitua hapa akielekea Goa, na kile kikanisa cha Wareno cha makuti bado tunacho. Lakini kati ya safari hizo mbili, mwaka 1505, Wareno hao hao waliichoma Mombasa. Jiwe lilibaki, Injili haikushika mizizi. Nadhani msalaba ukishashuka kwenye merikebu moja na mizinga, watu huikumbuka mizinga.

Iliyoshika ni ile iliyoletwa na watu waliozika wapendwa wao hapa. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Mwaka 1846 akaja mwenzake Rebmann, wakaanza kazi Rabai, bara ya Mombasa, na mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mlemavu aliyekuwa kitandani pa mauti. Rebmann alikaa pwani hii mpaka 1875, na alipoondoka macho yalikuwa hayaoni tena. Chama kilichowatuma kilikuwa London, lakini hazina ya vyama vile ilijazwa senti kwa senti na washirika wa kawaida, watu wasiojua Rabai iko upande gani wa dunia. Mzee wangu, unafikiri makanisa yao hayakuwa yakivuja? Kwao mvua hainyeshi kwa msimu kama kwetu!

Kipande cha pili kililetwa na barua ya Mei kutoka kwa mwalimu wetu aliye Bukini. Wazee wetu waliita hivyo Madagaska, na mimi napenda kuiita hivyo kwa sababu inanikumbusha kwamba majahazi yetu yaliijua nchi hiyo kabla ya bahasha zetu. Yeye na mkewe muuguzi wanakaa bara ya Mahajanga, yeye anafundisha, mkewe anapima watoto uzito chini ya mwembe. Aliandika kwamba siku za kwanza alikuwa kama bubu, mpaka akasikia watu wakisema ng'ombe ni *omby*, kuku ni *akoho*, mbwa ni *amboa*. "Nikajua," alisema, "hapa nitakaa."

Akaendelea kutusimulia aliyoyakuta huko. Mwaka 1818 walifika vijana wawili waliosomea Neuaddlwyd, kijiji kidogo cha Wales, David Jones na Thomas Bevan. Pamoja na wake zao na watoto wao wachanga walikuwa roho sita. Katika miezi michache homa ikawamaliza wote, akabaki Jones peke yake. Jones hakurudi kwao. Mwaka 1820 alipanda hadi Antananarivo, akafungua shule. Mwaka 1835 Biblia nzima ikawa imechapwa kwa Kimalagasi, na mwaka huo huo malkia Ranavalona akapiga marufuku Ukristo kwa raia wake. Wamisionari wakaondoka. Mwaka 1837 mwanamke anayeitwa Rasalama aliuawa kwa mikuki kwa ajili ya imani yake. Na kanisa, badala ya kufa, likaongezeka, likiwa halina mzungu hata mmoja wa kuliongoza, lina Biblia tu na watu waliofundishwa kusoma.

Basi nikawaza: misheni iliyodumu kule ilianzia darasani. Na sisi bahasha yetu imegawanyika pande mbili, Bukini na shule zetu za hapa, nasi tumekuwa tukizigombanisha kama wake wenza.

Za hapa mnazijua. Ijumaa, kipindi cha PPI, yaani mafundisho ya dini shuleni, timu yetu huenda shule tatu za msingi. Watoto wa Kiislamu hukaa na maalimu wao, wa kwetu hukaa na sisi, na kengele ikilia wote wanagombea mpira mmoja. Tunapeleka Biblia, tunapeleka sodo kwa wasichana wa madarasa ya juu, na shule moja tunachangia unga wa uji. Si kazi ya kupigiwa tarumbeta.

Lakini tangu Aprili 2023 si kazi rahisi pia. Sihitaji kuwasimulia Shakahola, msitu ule ambako waumini walifungishwa njaa mpaka kufa. Ni ya kwetu, tumeivuta kwa pua zetu ile hewa. Zaidi ya miili 400, na watoto wengi ndani yake, watoto waliotolewa shuleni kwa sababu mtu aliyeshika Biblia aliwaambia wazazi wao kwamba shule ni ya shetani. Tukadhani tumemaliza kulia, na mwaka huu tena makaburi yakafukuliwa katika kijiji cha Kwa Binzaro. Siku hizi tukifika shuleni, mwalimu mkuu anataka barua ya kanisa, nakala za vitambulisho, na mwalimu mmoja anakaa nyuma ya darasa mwanzo hadi mwisho akitusikiliza. Baadhi ya wenzangu walikasirika. Mimi nasema akae, tena tumpe kiti kizuri.

Julai, katika shule moja ya upande wa bara, mtoto wa gredi ya tano aliinua mkono. Msichana mdogo, sare yake ya kurithi, mikono mpaka kwenye vidole. Akauliza, kwa sauti ya kuuliza saa ngapi: "Mwalimu, mtu akitaka kumwona Yesu ni lazima afunge mpaka afe?"

Darasa zima lilinyamaza. Nilimwona yule mwalimu wa nyuma akiweka kalamu chini. Mimi, mtu mzima, mwenye kitabu cha hesabu, sikuwa na neno. Dada yetu wa umoja wa akina mama ndiye aliyeinuka, akaenda mpaka kwenye dawati la yule mtoto, akachuchumaa. "Mwanangu," akamwambia, "Yesu alipomfufua binti wa Yairo, neno alilowaambia wazazi ni wampe chakula. Leo uji upo?" Mtoto akaitikia upo. "Basi kunywa wako, na ukibaki uongeze."

Mzee wangu, unga wa uji ule ulitoka katika bahasha hiyo hiyo unayoiuliza.

Sasa nije kwenye kipande cha tatu, na hiki sikukusudia kukiandika.

Mwezi wa Machi nilimzika mama yangu. Wengi wenu mlikuja, mlilala matangani, mlichanga, na Mungu awarudishie. Sikupata nafasi ya kuwashukuru mmoja mmoja. Mlimjua kwa mahamri na mbaazi. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, darasa la ngumbaru pale kanisani, na tangu hapo hakuna karatasi iliyopita mbele yake bila kusomwa. Tulipogawa mikebe ya misheni, yeye alikataa ule wa plastiki, akatoboa mkebe wake wa maziwa ya unga kwa kisu.

Baada ya matanga niliufungua nipeleke kanisani. Kulikuwa na shilingi 415, nyingi za sarafu, zimeshikana kwa unga wa mahamri. Na karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne. Herufi zake zile kubwa, za kuegemeana:

"Nimekopa 100 unga. Nimerudisha 60. Nimekopa 200 dawa. Nimekopa 50 nauli. Mweka hazina asijue."

Mweka hazina amejua, mama.

Ni shilingi 290. Nilizilipa Jumapili iliyofuata, na ukifungua kitabu cha hesabu ukurasa wa Machi utaona nimeandika: "Deni la mshirika, limelipwa." Mkaguzi aliniuliza ni mshirika gani. Nikamwambia aendelee na ukurasa wa pili. Lakini tangu siku ile, kila anaponiambia mtu kwamba hana cha kutoa kwa misheni, nakumbuka mwanamke aliyeona kwamba hata shilingi 50 ya nauli, iliyotoka katika mkebe wake mwenyewe, ni ya mtu aliye Bukini, na inadaiwa.

Basi nisikilizeni, ndugu zangu, kwa kuwa Krismasi ni mara moja kwa mwaka na mimi si mhubiri. Tumezoea kupokea. Tumezoea mgeni kutoka Ujerumani na Marekani akija tumpigie vigelegele, tumwonyeshe tangi la maji, tumpe kanga, tumsindikize. Mwanetu akitoka kwenda yeye kwa wengine tunasema amepotea. Tunanunua nguo za sikukuu kwa mkopo, tunakodi vipaza sauti, na bahasha ya misheni inarudi na shilingi 20 na jina limefutwa. Wapendwa, wahubirije wasipopelekwa? Nani atakwenda kusimama mbele ya darasa lile la bara kama si sisi, wakati wale wa msituni walikwenda bila kuitwa, bila mshahara, wakiwa na bidii kuliko sisi? Wazazi, waulizeni watoto wenu Ijumaa wamefundishwa nini, hata kama aliyefundisha ni mimi. Msimwamini mtu kwa sababu ya sauti yake. Vijana, someni lugha za watu. Akina baba, ninyi hasa, mkebe usiwe wa mama peke yake nyumbani. Washirika wa Makedonia walitoa wakiwa na umaskini wao, na Paulo hakuwaambia wangoje kwanza waezeke.

Habari za Bukini: Septemba vijana walipoingia barabarani Antananarivo kwa ajili ya maji na umeme, na Oktoba serikali ikaanguka, tulikaa siku tisa bila neno kutoka kwao. Na siku hizo hizo pesa tulizotuma zilikuwa zimekwama katika benki ambayo sitaitaja, huku wakituambia turudi kesho. Siku ya kumi ilikuja picha moja: mtoto wao amekaa katika beseni, anacheka, hana jino hata moja. Wako salama. Wanaomba vitabu vya kusomea watoto na mbegu za mchicha.

Habari za mabati: tumepata kumi na mawili. Yule mzee wetu mwenyewe ametoa misumari, na mwezi uliopita bahasha yake ya misheni ilikuwa nzito kuliko yangu. Sijamuuliza, naye hajasema.

Mkesha unaanza saa tatu usiku tarehe 24. Njooni na mikeka, viti havitoshi. Watoto wa kuigiza wachungaji wafike saa moja, na tafadhali mwaka huu mbuzi awe wa kadibodi. Mikebe yote irudi kabla ya ibada ya tarehe 31. Iliyopasuka tutaibadilisha, na mwenye deni na mkebe wake aje anione faraghani, hatatajwa.

Mungu awajalie Krismasi ya amani na Mwaka Mpya wenye heri, afya na baraka tele, ninyi na nyumba zenu. Wenye safari awafikishe, wagonjwa awainue, na walioondokewa mwaka huu awe karibu nao.

Ni mimi ndugu yenu katika huduma,
Mweka hazina, Kamati ya Misheni
Malindi