Usinunue seva kwanza, angalia kurasa

Hamisi kaka, mambo vipi, za huko Arusha na watoto? Huku tupo, mvua tu zinatusumbua.

Nimeiona meseji yako ya ile seva, kwamba prosesa iko juu muda wote wakati RAM imebaki kibao na bosi anataka kununua mashine nyingine. Subirini kwanza. Kwenye ile ripoti ya perf (kipimo cha utendaji cha Linux) uliyonitumia nimeona iTLB-load-misses ziko juu mno, maana yake prosesa inahangaika kutafuta msimbo wa programu yenyewe uko wapi kwenye memori, wala sio data.

Si unajua Linux kwenye x86 inakata memori kwa kurasa za KB 4, sasa programu yenye msimbo wa MB 64 hizo ni kurasa 16,384, na TLB ni kidaftari kidogo tu ndani ya prosesa cha kukumbuka ukurasa upi uko wapi. Skylake, prosesa za Intel, kwa mfano TLB ile ya msimbo ina nafasi 128, yaani KB 512 basi, ya ngazi ya pili ina 1,536 ila inagombaniwa na data pia. Zote zikikosa inabidi ipite jedwali la kurasa lenye ngazi nne, kila mara. Ukitumia kurasa za MB 2, ile MB 64 yote inakuwa kurasa 32 tu!

Kurasa za memori ya kawaida kerneli, yaani kiini cha Linux, inazikuza yenyewe kuwa za MB 2 tangu toleo la 2.6.38, mwaka 2011. Msimbo ndo ulikuwa mtihani kwa sababu unatoka kwenye faili, na faili likiandikwa mfumo wa faili lazima ujue wapi pamebadilika upeleke diski, sasa ext4 na wenzake walikuwa hawajui kabisa habari za ukurasa wa MB 2. Watu wakawa wanahamisha msimbo kwenye memori isiyo na faili, hata Node (ya kuendesha JavaScript) ina --use-largepages ya kazi hiyo, lakini ukifanya hivyo kila prosesi inabaki na nakala yake na perf inapotea njia.

Ndo mwaka 2019 Song Liu wa Facebook akaleta ile mbinu ya Linux 5.4 ambayo mimi naipenda sana. Faili likiwa la kusoma tu, hakuna aliyelifungua kwa kuandika, khugepaged, kibarua cha kerneli cha kuunganisha kurasa, inakusanya vile vikurasa 512 inavifanya kimoja, na siku mtu akilifungua kuandika kerneli inazitoa zile kubwa kwenye kashe (nakala ya faili iliyoko kwenye memori) na kuanza upya na ndogo. Mfumo wa faili haujaguswa hata mstari mmoja. Na prosesi zote zinazotumia faili hilo zinashea ukurasa uleule.

Sasa kwako fanya hivi, grep READ_ONLY_THP_FOR_FS kwenye config ya kerneli iliyoko /boot, ikiwa haijawashwa njia hii ya khugepaged haipo. Ikiwepo fungua smaps ya prosesi (ramani ya memori yake, iko /proc) utafute FilePmdMapped, kiasi cha faili kilichoko kwenye kurasa kubwa, kwenye sehemu ya r-xp ambayo ndiyo ya msimbo, naamini utakuta 0 kB. Sababu kubwa huwa ni mpangilio, msimbo lazima ukae kwenye mpaka wa MB 2 ndani ya faili na kwenye anwani vilevile, kwa hiyo kompaili upya na -Wl,-z,max-page-size=2097152, halafu programu iite madvise (ombi kwa kerneli kuhusu memori) na MADV_HUGEPAGE kwenye eneo hilo. khugepaged ni ya polepole, kwa kawaida inapitia kurasa 4,096 halafu inalala sekunde 10, mkiwa na Linux 6.1 kwenda juu tumieni MADV_COLLAPSE inafanya palepale.

Kingine, waambie vijana wa deploy (wanaoweka matoleo mapya) wasiandike juu ya laibrari inayotumika, waweke faili jipya pembeni halafu walihamishie mahali pa la zamani kwa mv, la sivyo kurasa zote kubwa zinamwagwa katikati ya kazi na mnarudi kulekule.

Ukimaliza pima tena iTLB kwa mzigo uleule wa mchana, usipime usiku watu wamelala, halafu nitumie smaps zote mbili ya kabla na ya baada tuziangalie kabla bosi hajasaini hiyo oda. Msalimie shemeji.

Wako,
Iddi