Barua kwa Vijana wa Kamera Mnaosubiri Boti Kibirizi, Kigoma

Wanangu,

Marahaba. Najua mngeniamkia tukikutana, basi nimeitikia mapema.

Nasikia mnataka kuvuka mkafanye kazi ya picha Burundi. Mmoja wenu amelala Bujumbura siku tatu tu na anasema ule mji umemwingia moyoni, harudi tena kupiga picha za harusi mtaani Mwanga, hapa Kigoma. Simcheki. Mimi ilinitosha jioni moja, mwaka 1981, nimekaa kwenye benchi mtaa wa Buyenzi na kamera ya kuazima, nala mukeke wa kukaanga. Mukeke ndiye samaki wetu mgebuka huyu huyu, ziwa ni lile lile la Tanganyika. Kila nilichokijua nilikikuta kule kimevaa jina jingine, na hilo ndilo lililoninasa. Kirundi nilikielewa nusu tangu siku ya kwanza kwa kuwa nyumbani tulisema Kiha. Nusu ya pili nilifundishwa kwa kuchekwa. Nikakaa miaka 12.

Wala si sisi wa pwani hii tu. Mwaka 1962 Hugo van Lawick, mpiga picha Mholanzi, aliletwa hapo juu Gombe kumpiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake. Kazi ilikuwa ya muda. Wakaoana, baadaye wakaachana, yeye akabaki Serengeti na fisi na mbwa mwitu, mauti yakamkuta Dar es Salaam mwaka 2002. Piga hesabu mwenyewe. Watu humtaja kama mume wa Jane, na mimi naona wanampunja.

Ya safari mnayajua. Pasipoti iwe hai, na kibali cha kufanya kazi ni kitu kingine kabisa, msije mkadanganywa na dalali wa bandarini kwamba Afrika Mashariki ni moja. Risiti ya kamera utembee nayo, la sivyo forodha watakuuliza umeinunua wapi wakati wa kurudi. Mpakani, darajani na penye askari, kamera ikae begini. Mimi mkanda wangu mmoja wa filamu ulifunguliwa juani na mwanajeshi huku anatabasamu.

Ninalotaka kuwaambia ni jingine, na si la kujisifu.

Pale Buyenzi nilikuwa na chumba cha studio na pazia lililochorwa ndege na minazi. Siku moja mama aliyekuwa akikaanga samaki jirani alimleta mwanawe, kijana wa miaka kama 15, amevaa tai ya kuazima ndefu mpaka chini ya mkanda wa suruali. Nikampiga. Mama alilipa nusu. Aliporudi kuchukua picha hakuwa na nusu iliyobaki, nami nikamwambia akikamilisha ndipo nimpe. Faranga chache tu. Picha nikaichomeka dirishani iwe tangazo, ikaliwa na jua.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, nchi ikachafuka. Nikarudi Kigoma na nguo nilizovaa na bati la biskuti lililojaa negativu, zile filamu za picha nilizopiga. Mwaka 1996 nikaitwa kupiga picha kambi ya wakimbizi wa Burundi ya Mtabila, kule Kasulu. Mwanamke akanishika mkono kwenye foleni ya maji. "Wewe si mpiga picha wa Buyenzi?" Hakuniomba chakula wala hela. Aliniomba ile picha ya mwanawe, kwa sababu kijana mwenyewe hayupo tena.

Siku tatu nikakaa dirishani na lile bati, nainua negativu moja moja kwenye mwanga. Mnajua negativu ilivyo: uso mweusi unakuwa mweupe, meno yanakuwa meusi, kila kijana anafanana na mwenzake. Na tai ile ilikuwa imeazimwa na nusu ya mtaa! Sikuwa nimeandika jina hata moja. Miaka 12 nikisema naipenda nchi ya watu, na kwenye bati zima hamna jina. Nikasafisha picha sita nilizodhani mojawapo ndiye, nikarudi kambini baada ya wiki mbili. Alikuwa amehamishwa.

Kwa hiyo, wanangu, hizo kamera zenu za kadi zinazobeba picha elfu kumi zisiwatie kiburi. Jioni, kabla ya kula, andika: nani, mtaa gani, mtoto wa nani. Daftari la shilingi mia tano linatosha. Kadi moja ibaki kwako, nakala nyingine ikae kwa mtu unayemwamini ng'ambo hii. Na aliyekupa uso wake mpe picha yake, hata kama anadaiwa. Hasa kama anadaiwa.

Kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, wengi wakarudi kwao. Picha zile sita ninazo bado, kila moja kwenye bahasha yake. Atakayetangulia kuvuka apite kwanza kwangu Ujiji, nyuma ya soko, aulize mzee wa picha. Akifika Buyenzi azungushe bahasha kwa kina mama watu wazima wanaokaanga samaki, asiwaambie lolote, awaonyeshe tu. Nauli ya boti nitachangia. Mukeke atajinunulia.

Mzee wenu,
Ujiji, Kigoma