Warsha za hadithi zije na mikoani
Mhariri, nilitoka Tanga mpaka Dar kwa ajili ya warsha ya waandishi wa hadithi, siku 3, na nimejifunza kweli. Mwalimu alisema wekeni daftari chini, kila mtu asimulie kwa mdomo kwanza, paukwa pakawa kama kwa bibi, hapo ndo nikaona katikati ya hadithi yangu watu wanashika simu, nikakata maelezo yote nikaanzia pale mama anapogonga mlango usiku, ukumbi mzima kimya. Sasa tangu UNESCO itangaze Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021 sherehe zipo kila mwaka, naomba sehemu ya hela za sherehe hizo ilete warsha huku kwetu, nauli na gesti zinawashinda vijana wengi wenye hadithi nzuri.