Ushindi wa ugenini wenye majeruhi usiitwe bahati

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalojirudia miongoni mwetu mashabiki wa raga kila timu iliyoandamwa na majeruhi inapokwenda ugenini na kurudi na ushindi wa pointi mbili tatu. Mjadala huanza kabla wachezaji hawajavua viatu. Wapo wanaosema ilikuwa bahati tupu, kwamba mpira ulidunda upande wa mshindi siku hiyo. Wapo wanaosema ulikuwa moyo, kana kwamba timu iliyoshindwa haikuwa na moyo. Wapo pia wanaonung'unika kwamba mchezo haukuvutia, kwamba mikwaju ilikuwa mingi na mbio zilikuwa chache. Nimezisikiliza hoja hizo kwa muda mrefu, na ninaamini zote tatu zinawanyima haki watu walewale walioleta ushindi, yaani wachezaji wa akiba pamoja na wale waliowaandaa kwa kazi ambayo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wangeitwa kuifanya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni mechi ya Kombe la Dunia iliyochezwa katika uwanja wa Twickenham, London, tarehe 26 Septemba 2015, ambapo Wales iliifunga Uingereza 28-25 mbele ya mashabiki wa wenyeji. Wales ilikwenda huko ikiwa tayari imempoteza Leigh Halfpenny, fulbeki na mpigaji wake wa mikwaju, na Rhys Webb, skramuhafu wake, yaani anayeuchukua mpira kutoka kwa wachezaji wa mbele na kuwapa mabeki, wote wawili wakiwa wameumia katika mechi moja ya maandalizi dhidi ya Italia mwanzoni mwa mwezi huohuo. Senta Jonathan Davies hakuwamo kikosini kwa sababu ya jeraha la goti. Kisha, katika kipindi cha pili cha mechi yenyewe, Scott Williams alitolewa kwa machela, Hallam Amos akatoka, na Liam Williams naye akatoka baada ya kuumia kichwani, yote hayo ndani ya muda mfupi. Mabeki watatu waliokuwa kwenye benchi wakawa wameingia wote. George North, ambaye ni winga, akahamishiwa katikati, na Lloyd Williams, ambaye kazi yake ni ya skramuhafu, akajikuta pembeni akicheza nafasi ya winga.

Uingereza ilikuwa ikiongoza 25-18 pale Lloyd Williams alipopata mpira kando ya mstari, akakimbia nao, kisha akaupiga kwa mguu kuurudisha katikati ya uwanja. Aliyeuwahi alikuwa Gareth Davies, skramuhafu aliyeanza mechi, naye akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani kwa pointi tano. Dan Biggar akaongeza mkwaju wa pointi mbili, matokeo yakawa sare ya 25, na dakika chache baadaye akafunga penalti ya mbali iliyoamua mechi.

Ni trai hiyo ninayotaka tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo ambayo mashabiki wengi waliitaja kama bahati. Skramuhafu hufundishwa tangu akiwa mdogo kuufuata mpira popote unapokwenda na kukimbia upande wa ndani wa mwenzake anayeshambulia. Lloyd Williams hakuhitaji kugeuza kichwa ili ajue mwenzake mwenye mafunzo kama yake yuko wapi. Yeye mwenyewe angekuwa palepale. Mpira ungeweza kudunda vibaya, hilo sikatai. Lakini mtu aliyepewa nafasi isiyo yake aliitumia elimu ya nafasi yake, na mwenzake alikuwa amekimbia umbali wote ule baada ya zaidi ya dakika 70 za mchezo. Kuliita jambo hilo bahati ni kukataa kuona kazi iliyofanyika mbele ya macho yetu.

Neno moyo nalo nalitilia shaka, ingawa najua wanaolitumia hukusudia kusifu. Moyo haumfundishi huka mpya, yaani mchezaji wa katikati ya safu ya mbele, kurusha mpira kwenye lainiauti, pale mpira uliotoka nje unaporudishwa uwanjani. Mrushaji anapoumia na mwingine akaingia, anapaswa kulingana papo hapo na mrukaji ambaye pengine alifanya mazoezi zaidi na yule aliyetoka: urefu wa mpira, kasi yake, na nukta ambapo wainuaji humpandisha mwenzao hewani. Anapaswa pia kuzisikia ishara za siri zinazotajwa kabla ya kurusha, na ugenini ishara hizo humezwa na kelele za uwanja mzima. Ndiyo maana lainiauti huwa ya kwanza kuyumba timu inapopata majeruhi, na ndiyo maana timu inayoiokoa lainiauti yake ikiwa na mrushaji wa pili au wa tatu imeonyesha ustadi ambao sisi jukwaani huwa hatuupigii makofi. Skramu, ambapo mafowadi (wachezaji wanane wa mbele) wa kila timu husukumana, ni vivyo hivyo. Propu wa akiba, anayesimama ubavuni mwa huka, anapoingia lazima ashikane na huka na mchezaji wa nyuma yake kwa namna ambayo miili minane itasukuma kwa pamoja, na akichelewa nusu sekunde refa atapuliza filimbi na pointi tatu zitakuwa hatarini.

Fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 2023, iliyochezwa Saint-Denis nchini Ufaransa, ilituonyesha jambo hilo kwa uchungu. Afrika Kusini ilikuwa imempoteza huka wake Malcolm Marx mapema katika mashindano, na ikaamua kumwita badala yake Handré Pollard, ambaye ni flaihafu, yaani beki anayeongoza mashambulizi na kupiga mikwaju. Katika fainali huka aliyebaki, Bongi Mbonambi, aliumia dakika za mwanzo kabisa. Akaingia Deon Fourie, mwenye umri wa miaka 37, ambaye katika kikosi kile alikuwa akihesabiwa pia miongoni mwa mafowadi wa safu ya nyuma ya skramu, akacheza karibu mechi nzima. Lainiauti ilisumbuka, kama ilivyotarajiwa. Hata hivyo Afrika Kusini iliishinda New Zealand 12-11, na pointi zote 12 zilifungwa na Pollard kwa penalti nne. Haikuwa mechi ya ugenini kwa maana kamili, lakini yeyote anayetaka kujua mchezaji wa akiba ni nani na atazame kazi aliyoifanya Fourie usiku ule.

Hapa pia ndipo ninapopingana na wale wanaolalamika kwamba ushindi wa namna hii hauvutii. Timu iliyopoteza mabeki wake haiwezi kucheza mchezo uleule iliouzoea, na kocha mwenye busara huufupisha: hupiga mipira mirefu ili mapambano yahamie upande wa mpinzani, hushikilia mpira kwa mafowadi, na kila penalti inayokuwa ndani ya uwezo wa mpigaji huielekeza kwenye milingoti. Siku ile Twickenham, Biggar alifunga pointi 23 kati ya 28 za Wales, na trai ilikuwa moja tu. Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza kwa watu hana budi kuokota pointi moja moja pale zinapopatikana. Kwa macho yangu kuna uzuri mkubwa katika nidhamu hiyo, ya kutofanya kosa mbele ya milingoti yako kwa dakika kumi mfululizo wakati mapafu yanaungua na mwenzako wa kulia si yule uliyezoea kusimama naye.

Mashabiki wa leo huenda tunasahau kwamba benchi lenyewe si la zamani sana. Kwa miaka mingi mchezaji aliyeumia katika mechi za kimataifa hakuwa na mbadala, na timu yake iliendelea na watu 14 au pungufu. Ni mwaka 1968 ndipo Mike Gibson alipoingia badala ya Barry John aliyeumia, katika mechi ya Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Wales, Skotilandi na Ayalandi, dhidi ya Afrika Kusini mjini Pretoria, akawa mchezaji wa kwanza kuingia kama mbadala katika mechi ya kimataifa.

Miaka mitatu baadaye Lions walikwenda New Zealand. Wiki moja kabla ya mechi ya kwanza kati ya nne dhidi ya timu ya taifa ya huko, katika mechi kali dhidi ya Canterbury, walipoteza mapropu wao wawili wakuu: Sandy Carmichael alivunjika mifupa ya shavu, na Ray McLoughlin akavunjika kidole gumba. Wengi waliona ziara imekwisha, kwa kuwa ni nani angeisimamisha skramu mbele ya New Zealand, tena kwao? Tarehe 26 Juni 1971 mjini Dunedin waliingia Sean Lynch na Ian McLauchlan. Lions walishinda 9-3, na trai pekee ya mechi hiyo ilifungwa na huyohuyo McLauchlan, propu aliyeziba pengo, baada ya kuuzuia mkwaju wa mpinzani. Lions waliutwaa mfululizo ule kwa ushindi mara mbili, sare moja na kipigo kimoja. Nani leo anaweza kusema kwamba ulikuwa ushindi wa kubahatisha?

Kuna jambo jingine ambalo hunikera katika mijadala yetu, nalo ni kuupima uamuzi wa nahodha kwa matokeo peke yake. Mwishoni mwa mechi ile ya Twickenham, Uingereza ikiwa nyuma kwa pointi tatu, ilipata penalti ambayo ingeweza kuipa sare. Nahodha Chris Robshaw akachagua kuupeleka mpira nje ili wapate lainiauti karibu na mstari wa trai. Wales wakawasukuma nje, mechi ikawaponyoka, na Robshaw akalaumiwa kupita kiasi. Lakini wiki moja kabla, tarehe 19 Septemba, mjini Brighton, Japani ilikuwa nyuma ya Afrika Kusini kwa pointi tatu katika dakika za mwisho, nahodha Michael Leitch akaikataa sare, akachagua skramu, na Karne Hesketh, mchezaji wa akiba aliyekuwa ameingia muda mfupi tu uliopita, akafunga trai ya pembeni iliyoipa Japani ushindi wa 34-32. Uamuzi ulikuwa wa aina moja. Mmoja aliitwa shujaa, mwingine akaitwa mjinga. Kilichotofautisha ni mafowadi wa Wales, ambao wakiwa wamechoka na wamevurugwa na mabadiliko yasiyotarajiwa, waliisoma lainiauti ile na kuivunja. Tunapomlaumu Robshaw, tunawapora sifa wao.

Mhariri, sehemu ya barua hii ninayoiona kuwa nzito zaidi inahusu sifa tunazomwagia mchezaji anayebaki uwanjani akiwa ameumia. Bega lililofungwa bendeji ni jambo moja. Kichwa ni jambo jingine kabisa. Mwezi Februari 2015, katika mechi ya Wales na Uingereza mjini Cardiff, George North alipata mapigo mawili ya kichwa na bado akaendelea kucheza. Kesi hiyo ilizua mjadala mkubwa kuhusu namna timu zinavyowakagua wachezaji wao. Baada ya pigo jingine mwezi uliofuata, akiwa na klabu yake, alikaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa. Katika raga ya kiwango cha juu mchezaji anayeshukiwa kuumia ubongo hutolewa kwa dakika 12 ili akaguliwe na daktari, na mwenye dalili za wazi haruhusiwi kurudi kabisa. Utaratibu huo haukuwekwa ili kuwachelewesha mashabiki. Inasikitisha kusikia mtu mzima, anayempenda mchezaji huyo kwa dhati, akipiga kelele kwamba arudishwe kwa sababu zimebaki dakika kumi na timu iko mbele kwa pointi moja.

Timu inayoshinda ugenini huku ikiwaacha majeruhi wake wa kichwa wakae nje imefanya kazi ngumu maradufu, kwa sababu imekubali kudhoofika kwa hiari yake ili kumlinda mtu. Katika mechi ya Twickenham, Liam Williams alitoka na hakurudi, na Wales ikashinda bila yeye. Ningependa siku moja nisikie mashabiki wakiutaja uamuzi wa namna hiyo kwa fahari ileile wanayoitumia kutaja trai.

Kwa sababu hiyo nina ombi mahususi kwa gazeti lako. Taarifa za mechi za raga zinapochapishwa, mara nyingi huorodhesha waliofunga pointi na kuishia hapo. Naomba ziongezwe majina ya wachezaji wa akiba walioingia, dakika waliyoingia, waliyembadili, na nafasi waliyocheza, hasa pale ilipokuwa si yao ya kawaida. Naomba pia mwandishi aeleze lainiauti na skramu zilikwendaje baada ya mabadiliko hayo, maana huko ndiko mechi nyingi za ugenini huamuliwa. Na pale mchezaji anapotolewa kwa jeraha la kichwa, taarifa iseme hivyo kwa maneno ya kawaida, iseme kama alifanyiwa ukaguzi na kama alirudi au hakurudi, pasipo kumwita jasiri aliyebaki wala mnyonge aliyetoka.

Ni mimi,
Shabiki wa raga na msomaji wako