Mume wangu anataka tuvuke kwenda Mafia kwa jahazi na wote hatujui kuogelea, nishaurini

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mafinga, mume wangu anafanya biashara ya mbao, tuna mtoto mmoja ndo kwanza yuko darasa la kwanza. Naandika kwa sababu kuna jambo limefika mahali tunalala kila mtu ameangalia ukuta wake, na wala sio jambo baya, ni safari ambayo tumeiwaza tangu tunachumbiana, ndo maana linaniuma sana.

Sisi ni watu wa baridi. Mimi nimezaliwa Mufindi yeye Njombe, tumekua na ukungu na mashamba ya chai, bahari tumeiona Dar tu, tena ni kule kuvuka na pantoni ya Kigamboni na kurudi. Siku zote mume wangu anasema kabla hatujazeeka tubebe mabegi mgongoni tuitembee pwani ya kusini yote, sio ile ya kwenda hotelini Zanzibar kupiga picha, yani kupanda basi za kawaida, kulala gesti za bei ndogo, kula wanachokula wenyeji na kutembea kwa miguu pale panapotembeleka. Na mimi naipenda hiyo safari kuliko hata yeye, naomba mnielewe hapo kabla sijaendelea, maana wengine mtasema huyu mwanamke hataki tu kutoka.

Njia yenyewe ameiandika kwenye daftari lake la hesabu za mbao, upande wa mbele kuna mbili kwa nne na moja kwa nane na madeni ya watu, ukigeuza nyuma unakuta safari yetu imechorwa kwa peni nyekundu. Tunaanzia Makambako, Njombe, Songea, tunashuka Tunduru na Masasi mpaka Mtwara, lami tupu siku hizi. Mtwara tunakaa Mikindani, pale Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, alafu Msimbati kuchezea maji pembeni pembeni, kisha Lindi, kisha Kilwa. Kilwa ndo moyo wa safari kwake, anataka kuona Kilwa Kisiwani, ule Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifia, na UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Nikifundisha historia nawaambia watoto Kilwa ilikuwa inapokea dhahabu ya Sofala, nawaambia kwa picha ya kitabuni tu, kwaiyo na mimi nina hamu ya kusimama pale kwa miguu yangu. Mwisho Mafia, alafu Dar, Morogoro, tunapanda Kitonga tunarudi kwenye baridi yetu.

Begi kalinunua mnadani, la mtumba lakini imara, mkanda wa kifuani ulikuwa umekatika akaupeleka kwa fundi viatu ukashonwa. Kila jioni analijaza na kuzunguka nalo uwanjani kujizoesha. Majirani wanaangalia, ndugu zake wanasema mke wa mtu anatembezwa na begi mgongoni kama hana kwao, mama mkwe na yeye kasema lake. Hayo yote nimeyameza, sio tatizo.

Tatizo ni Mafia. Kuna dereva rafiki yake anapeleka mbao Lindi na Mtwara, huyo ndo kamuunganisha na nahodha mmoja wa Kilwa Kivinje. Nahodha kasema anaweza kutuchukua kwenye jahazi lake la mizigo, tunapita Songosongo tunalala, kesho yake tunakaza mpaka Mafia. Bei ni ndogo, hilo sibishi. Mume wangu tangu aongee na huyo mtu kwenye simu hasikii kingine. Anasema hiyo ndo njia ya wazee, kusi linavuma kwenda kaskazini, jahazi linasukumwa na upepo wenyewe, watu wa Kilwa na Mafia wameenda hivyo karne na karne, sasa sisi tukapande gari mpaka wapi wakati njia iko mbele yetu.

Sasa mimi nasemaje. Likizo yangu ni mwezi wa sita, na mwezi wa sita, wa saba na wa nane ndo kusi liko kwenye nguvu zake. Ni kweli linasukuma kwenda huko tunakotaka, lakini upepo huohuo ndo unaoinua mawimbi, na kila mwaka vipindi hivi watu wa hali ya hewa, TMA, wanatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2 ukanda wa pwani. MV Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar kwenda Zanzibar, hali ya bahari ilikuwa mbaya, na ile ilikuwa meli ya injini sio jahazi la tanga. Nilimuuliza, huyo nahodha ana laifu jaketi ngapi? Akasema hajauliza. Jahazi limesajiliwa? Hajui. Lina redio, au tunategemea simu ya nahodha ambayo huko katikati sijui kama ina mtandao? Akanyamaza.

Na hatujui kuogelea. Wote wawili. Mimi nikisimama kwenye maji ya kiunoni magoti yanaanza kucheza. Tunaacha mtoto kwa bibi yake Njombe, sasa tukiingia wote kwenye chombo kimoja na likatokea la kutokea, mtoto wangu anabaki na nani? Hili swali ndo linanikosesha usingizi, sio upepo wala nini. Nikilisema anasema nawaza mabaya, nina woga wa watu wa milimani. Inawezekana ninao, lakini woga una sababu zake.

Sijakaa kupinga tu, nimetoa njia nyingine. Kutoka Kilwa tupande basi tuvuke Rufiji kwenye daraja la Mkapa, tufike Bungu tuingie Nyamisati, pale kuna kivuko cha kwenda Kilindoni. Kinapita kwenye mikoko ya delta kwanza ndo kinatoka baharini, ni masaa kadhaa sio siku mbili, watu wanaandikishwa majina na tiketi. Yeye anaona hiyo ni kuikata safari katikati, eti tunakuwa abiria tu, na anasema bahari ni ileile. Sio ileile jamani. Pale Kilwa Masoko kwenda Kisiwani niko tayari kupanda hata ngalawa, maana ng'ambo unaiona kwa macho na ni mwendo mfupi tu, sio kwamba nakataa kila chombo cha mbao.

Njia ya tatu ni kusogeza mpaka Desemba. Desemba kusi limekwisha, inavuma kaskazi, bahari imelainika, na papa potwe, wale papa wakubwa kabisa, wanaonekana Mafia kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa tatu, ambacho ndo kitu anachokililia kila siku, kila vidio ya papa potwe lazima anionyeshe. Ukienda mwezi wa sita unaweza ukafika Mafia na usimwone hata mmoja. Nikamwambia tena, Desemba mvua zinaanza, malori yanakwama msituni, biashara yako inalala, ndo wakati wa kutoka huo. Jibu lake lina ukweli pia na silipuuzi, Krismasi kwao ni lazima watoto wote wawe Njombe, mama yao hataki kusikia sababu, alafu hela. Hii hela tumeiweka kidogo kidogo, ikikaa mpaka Desemba itakuwa imeshaliwa na ada, na misiba, na kaka yake ambaye kila akipiga simu ni shida mpya. Anasema safari ya maskini ikiahirishwa haifanyiki tena. Hapo na mimi nabaki sina la kusema kwa sababu tumeshaziona nyingi zilizoahirishwa.

Juzi akaniambia, "Mama, kama huniamini basi, tukae tu nyumbani." Akalifunga daftari akaliweka juu ya kabati. Begi liko nyuma ya mlango toka siku hiyo hajaligusa. Ni mume mzuri huyu, hanywi, hanipigi, mwaka mzima anashinda kwenye vumbi la mbao, hiki ndo kitu pekee ninachomuona anakitaka kwa ajili yake mwenyewe na anataka akifanye na mimi. Sitaki niwe mimi niliyekiua. Na sitaki kupanda lile jahazi.

Naomba ushauri wa aina mbili. Kwanza kwa watu wa Kilwa, Songosongo na Mafia, na mabaharia mliopo, hivi abiria wa kawaida wanapanda majahazi ya mizigo kwa njia hiyo mwezi wa sita, inaruhusiwa kweli, na nyie wenyewe mngempandisha dada yenu asiyejua kuogelea? Mniambie ukweli hata kama ukweli ni kwamba nahofia bure, nitaukubali. Na kivuko cha Nyamisati kipindi cha kusi kinaendaje, kinasimamishwa bahari ikichafuka, tujipange na siku za akiba? Pia sisi huku malaria tunaisikia kwa wenzetu tu, mnaokaa huko mtuambie mnajikingaje maana gesti nyingine nasikia neti zina matundu.

Pili kwako Anti na kina mama mliokaa kwenye ndoa, nimuingieje huyu mwanaume aone kwamba nakataa chombo, simkatai yeye? Nimefikiria nimuombe mama mkwe aongee naye lakini naogopa ataizuia safari nzima. Nimefikiria pia nimpigie huyo nahodha mwenyewe nimuulize maswali yangu, ila sijui kama mume ataona nimemdharau.

Mwisho wa mwezi anatakiwa kutuma hela ya kushika nafasi kule Kivinje. Mwenye la kusema alisemee kabla ya hapo.

Mwalimu, Mafinga