Barua kwa Dama: kiyama na kopo la mahindi

Kisauni, Mombasa

Dadangu mpendwa Dama,

Salamu nyingi, wewe na wote wa hapo Likoni. Barua yako nimeipata, na swali la yule kijana wa darasa lako la kipaimara nimelisoma mara mbili: tukiyashika mafundisho ya Yesu, kuna haja gani ya kuamini kwamba alifufuka? Usimkemee. Kanisa la Korintho lilikuwa na tatizo la jamii hiyo, na Paulo hakulifukuza. Aliliandikia aya 58, sura ndefu kuliko zote za barua ile. Somo lako lijenge juu ya sura hiyo moja, 1 Wakorintho 15, wala usiwatembeze watoto Biblia nzima kwa siku moja.

Anza na neno lenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version inasema "kiyama ya wafu", na sisi Waanglikana tukikiri imani tunasema "kiyama ya mwili". Mtoto wa Mombasa akisikia kiyama, kichwani mwake inakuja siku ya hukumu, au vurugu: "Jana feri ilikuwa kiyama!" Waeleze kwamba neno ni la Kiarabu na asili yake ni kusimama. Neno la Kigiriki analotumia Paulo, anastasis, nalo ni kusimama, kuinuka. Ndiyo maana waliokufa anawaita "waliolala". Aliyelala atasimama. Mkatoliki anaposema "ufufuko wa miili" anasema jambo hilohilo, usiwaache wakadhani ni imani mbili.

Halafu wasome aya ya 3 hadi ya 8 kwa sauti, polepole. Paulo anasema aliwapa yale aliyoyapokea. Yaani maneno hayo hakuyatunga yeye, aliyakuta. Barua aliiandika akiwa Efeso, kama mwaka 55, miaka 25 hivi baada ya msalaba. Kuna vitenzi vinne: alikufa, alizikwa, alifufuka, aliwatokea. Hapa Kiswahili chetu kinaweza kukusaidia kuliko lugha nyingi. Katika Kigiriki, cha tatu hakiko katika wakati mmoja na vingine. Kwetu kingekuwa "amefufuliwa", kwa -me-, jambo lililotendeka na hali yake ingalipo. Union Version yenyewe inaingia kwenye -me- ikifika aya ya 20: "Lakini sasa Kristo amefufuka katika wafu, limbuko lao waliolala." Waulize darasani tofauti ya "alifika" na "amefika". Wataipata bila wewe kuhubiri.

Sasa mnyororo wenyewe, aya ya 12 hadi ya 19. Angalia jambo moja ambalo walimu wengi hulipita: Wakorintho hawakukana kwamba Yesu alifufuka. Walikana kwamba wafu watafufuka. Paulo anawarudisha nyuma hatua kwa hatua: kama wafu hawafufuki, basi Kristo naye hakufufuka, na kama hakufufuka, mahubiri ni bure, imani ni bure, mitume ni mashahidi wa uongo juu ya Mungu, ninyi bado mmo katika dhambi, na ndugu zenu waliolala wamepotea. Ziandike ubaoni zikifuatana kwenda chini, kisha futa ile ya juu tu na uwaulize zilizobaki zimeshikwa na nini. Usiwape jibu haraka.

Watakwama penye dhambi. Kijana wako atasema msalaba unatosha. Hapo usiruke, kaa napo hata nusu ya kipindi. Msalaba peke yake hausemi habari njema. Warumi walisulubisha watu wengi mno. Mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, walisimamisha misalaba 6,000 kando ya barabara ya kutoka Capua kwenda Roma. Kwa Myahudi ilikuwa vibaya zaidi, maana Kumbukumbu la Torati 21:23 inasema aliyetundikwa amelaaniwa na Mungu. Basi Ijumaa ile saa tisa (ni saa tisa yetu hii ya alasiri, kwa saa za Biblia Mswahili hana haja ya kupiga hesabu), mpita njia aliona mtu aliyehukumiwa, na Mungu amenyamaza. Ufufuo ni rufaa iliyokubaliwa. Hukumu ya chini imetenguliwa, na aliyeitengua ana mamlaka kuliko Pilato. Fungueni Matendo 2:23-24, 3:15, 4:10, 5:30 na 10:39-40. Mara tano mpangilio ni ule ule: watu walimwua, Mungu akamfufua. Kisha Warumi 4:25, inayofunga ufufuo wake na sisi kuhesabiwa haki. Bila Jumapili, ile Ijumaa ingekuwa kesi nyingine tu iliyokwisha. Theuda wa Matendo 5:36 alikuwa na wafuasi kama 400, alipouawa, walitawanyika.

Na hayo mafundisho mema anayotaka kubaki nayo? Mwambie ajaribu kuyatenganisha. Katika Marko, Yesu anawafundisha wanafunzi mara tatu kwamba atauawa na atafufuka: 8:31, 9:31 na 10:34. Hilo nalo ni fundisho lake. Ukilikata, huyo mwalimu mwema anabaki mtu aliyewaambia rafiki zake jambo kubwa kuliko yote na likawa si kweli. Paulo mwenyewe, aya ya 32 ya sura yetu, anasema kama wafu hawafufuki, basi tule na tunywe, maana kesho tutakufa. Hana aibu kukiri kwamba maisha yake ya hatari yangekuwa upumbavu.

Yako makosa matatu utakayoyasikia, na usipoyaondoa somo litaharibika. La kwanza ni kuuchukua ufufuo kama wa Lazaro. Lazaro alirudi kwenye maisha yale yale, akafa tena. Kristo alipita upande wa pili wa mauti. La pili ni kusema roho haifi, basi. Wagiriki wengi walikuwa na imani ya namna hiyo, na huko Athene baadhi yao walicheka Paulo alipotaja ufufuo wa wafu (Matendo 17:32). Injili zinakazana na mwili: katika Luka 24 anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao ili wasidhani ni kivuli, na katika Yohana 21 amewasha makaa ufukoni, samaki juu yake, na mkate. La tatu ni lile la kwenye hotuba, kwamba "anaishi mioyoni mwetu". Babu anaishi mioyoni mwetu pia, na kaburi lake halijafunguka. Usisahau 1 Wakorintho 6:14. Waliokuwa wakisema mwili si kitu, waufanye watakavyo, Paulo aliwajibu kwa ufufuo: mwili huo Mungu atauinua.

Lazima watakuuliza juu ya majirani Waislamu, maana wanasoma nao na kucheza nao. Waambie vizuri. Mwislamu hakani kiyama. Kuamini Siku ya Mwisho ni sehemu ya msingi ya imani yake. Tunakoachana ni nyuma kidogo: Sura ya 4, aya ya 157 ya Kurani inasema hawakumuua wala hawakumsulubisha, na aya inayofuata inasema Mungu alimwinua kwake. Basi mtoto wako akibishana na rafiki yake kwamba wafu watafufuka, anabishana na mtu anayekubaliana naye. Tofauti iko kwenye "akasulibiwa, akafa, akazikwa". Waijue, na wasiipigie kelele.

Kuhusu ushahidi, nakuomba usiongeze chumvi. Kaburi tupu peke yake halithibitishi kitu. Maria Magdalena mwenyewe, Yohana 20:2, kwanza alidhani mwili umeondolewa, na Mathayo 28:13 inaonyesha watu walisema wanafunzi wameuiba. Na kuonekana peke yake kungeweza kuitwa ndoto. Nguvu iko katika viwili hivyo pamoja. Mtu akitaka kutunga hadithi zama zile asingeanza na mashahidi wanawake, ambao ushahidi wao ulidharauliwa, na Injili zote nne zinaanza nao. Majina hayalingani: Marko anataja watatu, Mathayo wawili, Yohana anamtaja Maria pekee, ingawa humo humo Maria anasema "hatujui" walikomweka, kwa wingi. Usizifiche tofauti hizo. Mtoto atazikuta mwenyewe, na siku hiyo atakumbuka ulinyamaza.

Turudi 1 Wakorintho 15: kwa aya ya 35 hadi ya 44, Paulo anapofananisha mwili na mbegu, tumia mahindi. Chukua kopo, litoboe chini, ujaze udongo, upande punje kumi kwa kina cha vidole viwili. Anza siku kumi kabla ya somo. Na joto letu hili zitachomoza katika siku tano au sita. Kando yake panda punje mbili ulizozichemsha, hizo hazitaota. Darasani ng'oa mche mmoja taratibu na uwape waushike. Punje ya zamani bado imening'inia pale, laini, ukiibonyeza yatoka maji meupe, na karibu haina kitu ndani. Juu yake kuna mche ambao hakuna aliyeweza kuukisia kwa kuitazama punje. Paulo anataka waone mawili: ni kilekile kilichopandwa, na si kilekile. "Mwili wa roho" si mwili uliotengenezwa kwa hewa. Ni mwili unaohuishwa na Roho. Mjanja mmoja atasema mbegu haifi, ikifa haioti. Mpe haki yake. Paulo anasema kwa jicho la mkulima, na zile mbili zilizochemshwa zitakusaidia kueleza kwamba uhai unaozungumzwa hapa hautoki kwenye mbegu. Aya ya 38 inasema Mungu ndiye huipa mwili kama apendavyo.

Ukipata nafasi ya kuwatoa nje, wavushe hadi Nyali, kwenye mnara wa mmisionari Krapf. Rosine, mkewe, na mtoto wao mchanga walizikwa upande huo Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika Mombasa. Someni pale 1 Wathesalonike 4:13. Aya haisemi msihuzunike. Inasema msihuzunike kama wasio na matumaini. Nalitia mkazo hili kwa kuwa kwenye matanga yetu mfiwa hukatazwa kulia eti ana imani, na Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro, akijua atakalofanya.

Kopo usilimwagilie kila saa. Asubuhi kidogo yatosha, maji yakituama punje zitaoza, nawe utabaki na somo la uharibifu peke yake. Nisalimie mama na watoto, na uniandikie kijana yule alisema nini.

Nduguyo,
Mwakio