Mutua, hiyo hita usikimbilie dashibodi

Niaje Mutua,

Nimeona meseji yako, eti hita ya gari inatoa joto upande mmoja tu, wewe kwa usukani unatoka jasho na Mama Sharon hapo kushoto anatetemeka na leso mpaka mfike Limuru. Na hii baridi ya Julai aki namuonea huruma. Lakini huyo fundi anataka kung'oa dashibodi mwambie angoje. Dashibodi ikishang'olewa hairudi vile ilikuwa, kila bampu itakuwa inalia, na sioni kama umefika huko.

Anza na maji. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa ndio ufungue redieta, ikiwa moto usiguse hicho kifuniko, itakuchoma uso. Maji yakipungua hewa inaingia kwa ile redieta ndogo ya hita, nusu inashika moto nusu inabaki baridi.

Kama yamejaa, washa gari ipate moto, weka hita mwisho, halafu utafute zile paipu mbili za mpira zinaingia kwa ukuta kati ya injini na kebini. Ziguse polepole, chunga feni. Zote zikiwa moto maji yanazunguka poa, basi shida ni kile kimlango cha kuchanganya hewa moto na baridi, na kwa vile yako iko na swichi ya joto kila upande, zungusha ya Mama Sharon usikize kama kuna tak tak tak huko ndani, hiyo ni mota yake imekufa. Lakini moja ikiwa moto na ingine vuguvugu tu, hita imeziba. Mimi nashuku hii sana, juu mwenye alikuuzia alikuwa anaongeza maji ya mfereji tu na hiyo huleta kutu, kutu inaenda kukaa kwa vile vijia vyembamba.

Hapo mnatoa paipu zote mbili mnapitisha maji kinyume, presha kidogo kidogo juu hiyo kitu ni laini inapasuka, mpaka yatoke safi. Halafu weka kulanti, ile dawa ya redieta ya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji safi, na mtoe hewa yote.

Dashibodi itoke tu ukipata kapeti imelowa kulanti ama harufu tamu tamu na kioo kinashika ukungu wa mafuta, hapo hita inavuja na hakuna njia ingine.

Gusa hizo paipu kesho unipigie. Kama ni kuziba nitakuja Jumamosi na mpira wa maji, wewe nunua kulanti na klipu mpya za paipu.

Salimia Mama Sharon.